Asilimia Tatu na Salamu za Mkwe

"Takwenya, mkwe."

"Iko."

"Habari za huko?"

Nilikuwa nimekaa chini ndani ya korongo, mguu wangu wa kushoto umegeukia upande ambao mguu wa mtu haugeukii, kitenge kimelowa mpaka kiunoni, na simu iko sikioni. Simu hiyo ilikuwa na asilimia tatu. Siyo thelathini. Tatu. Nyuma yangu kwenye vichaka kulikuwa na kitu kizito kinavunja vijiti polepole, kinapumua, na sikugeuka kukiangalia kwa sababu sikutaka kukijua. Na mkwe wangu, baba yake mume wa binti yangu, mzee wa Kimasai mwenye heshima zake, ananiuliza habari za huko.

"Mkwe, mimi nimeanguka, niko..."

"Eee. Kwanza habari, mkwe. Mvua imenyesha huko?"

Nasema ukweli mbele za Mungu, dakika ile nilimchukia mzee wa watu. Mimi nimezika mume. Nimefukuzwa shambani na shemeji zangu kabla matanga hayajaisha. Nimeugua homa ya matumbo mpaka padri akaja kunipaka mafuta, na nikaamka nikaomba uji. Katika yote hayo sijawahi kuona kifo kikinikaribia kwa adabu namna ile, kikiuliza habari ya mvua.

Lakini nirudi nyuma, maana mpaka leo watu wananiuliza: mama, ulifikaje korongoni na simu isiyo na chaji? Wanauliza kana kwamba chaji niliila mimi. Walioila ninawajua. Majina yao siandiki, kwa sababu wengine tunakaa nao benchi moja kanisani, ila kila mmoja akisoma atajijua.

Nyumbani kwangu Rhotia zamani kila kazi ilikuwa na chombo chake. Tochi ya mawe mawili ilining'inia nyuma ya mlango. Redio ya mawe manne ilikaa dirishani, imefungwa na mpira wa tyubu. Saa ilikuwa ukutani. Kioo cha kujitazama kilikuwa juu ya beseni, kimepasuka pembeni lakini uso unaonekana. Daftari la mambo yangu lilikuwa chini ya godoro. Na simu ilikuwa kitochi, kile kidogo cha vibonyezo, ambacho nilikichaji Jumapili nikitoka misa na Jumapili nyingine kilikuwa bado kinadunda.

Mawe ya betri yakiishiwa nguvu, mama yangu alikuwa akiyaanika. Alikuwa anayatoa kwenye redio, anayapanga kwenye jiwe la kusagia juani kama mahindi, na saa ya taarifa ya habari ikifika anayarudisha yakiwa ya moto. Redio ilikuwa inaongea taarifa nzima, na mara nyingine mpaka matangazo ya vifo. Siku za ukungu, na kwetu siku za ukungu ni nyingi, alikuwa anayaweka kwapani. Baba alimcheka: "Mama fulani anaatamia redio." Mama aliyabana zaidi. Alijua anachofanya.

Nilikuwa sijui kwamba nyumba ile ilikuwa na akili. Tochi ikifa, saa iko hai. Saa ikifa, jogoo yupo. Hakuna chombo kilichokufa na wenzake.

Wa kwanza kuniharibia ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama wauza maharage. Mwanamke huyo amesoma mpaka kidato cha nne na hajasahau hata siku moja. Siku ya mkutano alisimama akasema matangazo yote sasa yanapita kwenye grupu.

"Mimi sina hiyo simu," nikasema.

"Ndiyo maana nasema, mama. Ni wewe peke yako umebaki."

"Si unipigie basi kama zamani?"

"Nikupigie peke yako, kwani wewe ni mkuu wa wilaya?"

Walicheka wote. Nilienda nyumbani na kile kicheko, nikalala nacho. Baada ya mavuno nikanunua simu ya kupangusa, ya mkononi kwa mtu, ila nzuri. Ikaanza kumeza nyumba yangu. Ilikuwa na tochi, kwa hiyo tochi nikampa jirani. Ilikuwa na saa, kwa hiyo saa ya ukutani ilipoanguka sikununua nyingine. Redio ilibaki dirishani mpaka kuku akaanza kutagia juu yake. Hata kioo, nikawa najitazama kwenye simu. Wimbo wa kwaya, uko ndani. Picha ya kadi ya kliniki, imo ndani. Na kitochi changu nilikifuta vizuri, nikakifunga kwenye kitambaa, nikampa mkwe wangu walipokuja kuchukua binti. Alikivaa shingoni palepale, kwenye kifuko cha ngozi, akasema hiki ni kizuri, kina uzito kama ndama aliyeshiba.

Sikulia, lakini nilikitazama kikienda.

Wa pili ni fundi simu wa Karatu, mwenye kibanda karibu na stendi. Simu iliniponyoka kwenye mawe ya jikoni, kioo kikapasuka. Nikampelekea asubuhi. Akaigeuzageuza, akasema, "Mama, nenda kanywe chai, ukirudi imepona." Nilikunywa chai. Nikarudi. Kioo kilikuwa kipya kinang'aa, nikamshukuru, nikamwombea baraka. Nilimwombea baraka, mimi huyu.

Kuanzia wiki ile simu ikawa mgonjwa. Naiacha asubuhi imejaa, nikitoka kupalilia iko nusu. Nikiimba nayo mazoezi ya kwaya, inakata kabla ya kiitikio. Nikamrudia fundi.

"Betri nzima kabisa, mama. Ni wewe. Unaweka mwanga mkubwa, unafungua vitu hufungi."

"Kabla hujaishika ilikuwa haifanyi hivi."

"Mama yangu, simu hii ina akili kuliko anayeitumia. Utafanyaje?"

Kibandani kulikuwa na vijana wanasubiri simu zao, wakacheka. Mimi pia nilicheka. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka sasa, kwamba nilicheka na wao. Darasa la nne langu lilinifundisha kusoma na kuhesabu, na lilinifundisha pia kwamba mtu akisema wewe ndiye hujui, labda hujui. Nikarudi Rhotia nikapunguza mwanga mpaka nikawa siwezi kuona maandishi.

Basi ikafika siku ya kwenda kwa binti. Ameolewa upande wa Kakesio, boma lao liko kabla hujafika huko, ukishapita juu kwenye baridi na kuanza kuteremka. Alikuwa na mimba ya kwanza, imefika. Uzazi wa kwanza mama awepo, hata kama huko alikoolewa wana mama zao kumi. Nikafunga unga wa uji, khanga mbili mpya, na sabuni. Nikapata nafasi kwenye lori linalopeleka mahindi mnadani.

Sasa hesabu chaji na mimi.

Alfajiri simu iliniamsha, kisha ikanimulikia kutafuta viatu, ikanimulikia zizini, ikanimulikia mpaka barabarani. Nauli ya lori nikalipa kwa simu, mtandao ukawa unazunguka, unazunguka. Tulipofika kwenye geti la hifadhi nikatakiwa kuonyesha barua ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba naenda kwa mkwe. Barua yenyewe niliiacha nyumbani kwa sababu nilikuwa na picha yake. Askari wa geti alikuwa mtu mwema, ila msomaji wa taratibu. "Ivute kidogo, mama. Ishushe. Hapo hapo. Hebu irudishe juu." Aliisoma kama Injili. Wakati huo huo katibu wetu ameamka, anatuma video. Maua yanachanua, njiwa wanaruka, maandishi yanasema asubuhi njema. Moja, nyingine, nyingine. Kila moja inalia ikiingia. Sikujua namna ya kuzizuia. Nami nikawa nasikiliza sauti ya pili ya wimbo wa Jumapili, kwa sababu mwalimu wa kwaya alisema alto ndio tunaoharibu.

Kwenye lori nilikaa na mama mmoja wa Kimasai, ana chupa yake ya maziwa, anarudi kwao. Akaniomba simu amwambie kaka yake kwamba anakuja. "Dakika moja tu, mama." Nikampa. Aliyeolewa kwao ni binti yangu, ningemnyimaje?

Asiyewajua hawa ndugu zetu nimweleze jambo moja. Kwao habari hazirukwi. Mtu hakutani na mtu akasema shida yake pale pale, kama mbuzi anayevamia shamba. Kwanza wanasalimiana, mwanamke anaambiwa takwenya naye anaitikia iko, kisha anayetoka mbali anamwaga habari zote: mvua, majani, ng'ombe, mbuzi, watoto, nani anaumwa, nani amepona, na mwenzake anaitikia eee, eee. Habari zikiisha kabisa ndipo neno lililomleta linatoka. Wakati wa kuondoka anasema sere, na mwenzake anaitikia sere. Ni heshima nzuri sana. Iliwekwa na watu wanaotembea siku nzima kukutana, haikuwekwa na watu wenye asilimia arobaini.

Mama yule alimpigia kaka yake. Nilimsikia akipita kwenye mvua, akaingia kwenye ng'ombe, mmoja mmoja na rangi yake, akatoka kwenye ng'ombe, akaingia kwenye ndama. Simu ikawa ya moto mpaka akaibadilisha sikio. Mwisho kabisa akasema maneno manne, ambayo nadhani ndiyo yalikuwa "nakuja leo". Akanirudishia kwa mikono miwili, akanibariki.

Tulipopita juu, lori likaanza kutoa moshi. Rejeta. Dereva akaingia chini ya boneti, akaita: "Mama, nimulikie hapo." Nikamulika. "Sogeza huku." Nikasogeza. Yeye hana simu? Anayo, ila "yangu haina chaji, mama." Nilimulika mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha akasema tusubiri lori lingine lilete maji, linaweza kuja mchana, linaweza kuja jioni.

Njia ya mkato ya kwenda kwa mkwe nilikuwa naijua. Nilishaipita mara moja na wenyeji, inateremka kwenye nyasi, inapita mti uliopigwa radi, inakata korongo, halafu unasikia mbwa wa boma. Nikasema nisubiri nini? Nikajitazama kwanza kwenye simu, nikafunga kilemba vizuri, maana huendi kwa wakwe kama mtu aliyetoka kwenye moshi. Nikaona asilimia kumi na tisa. Kumi na tisa ya simu nzima ni safari. Kumi na tisa ya simu yangu ni hadithi tu.

Ukungu ulishuka nilipoukaribia ule mti. Unaujua ukungu wa huku: hauji, unajikuta umo. Nikauona mti umesimama mweusi, hauna tawi, nikajua njia iko sawa. Hatua chache mbele nikakanyaga nyasi na chini ya nyasi hapakuwa na ardhi.

Sikusikia maumivu mwanzo. Nilisikia unga wa uji ukinimwagikia kichwani. Nilipotaka kusimama ndipo mguu ukaniambia.

Ilikuwa kama saa tisa alasiri. Nikampigia binti: simu yake haipatikani. Nilijua iko wapi, iko kwenye duka la mwenye sola, imepangwa na simu nyingine inasubiri zamu ya chaji. Nikampigia mumewe: naye yuko na ng'ombe, haipatikani. Namba ya dereva sikuichukua. Katibu wetu ndiye aliyepatikana, kwa maana video nyingine iliingia, njiwa. Nilipotaka kumpigia, simu ikaniandikia kumi na moja, ikazima. Haikuaga. Kumi na moja, kisha giza.

Hapo nikaona ujinga wangu ulivyo mkubwa. Sikuwa nimepoteza simu. Nilikuwa nimepoteza tochi, saa, barua, kioo, kitabu cha nyimbo na watu wangu wote, kwa kitufe kimoja. Ningekuwa na tochi ile ya mawe mawili ningemulika. Ningekuwa na filimbi aliyokuwa akichungia nayo baba ningepuliza. Nilikuwa na kipande cha kioo chenye baridi kama jiwe la mtoni.

Ile baridi ndiyo ilinikumbusha. Nikaona mkono wa mama unatoa mawe kwenye redio. Jua hakuna, basi ni kwapa. Nikafungua vifungo, nikaiweka simu kwapani kwenye ngozi, nikajikunyata, nikaiatamia. Nikasali tasbihi nzima, mafungu yote matano, kwa vidole. Sikutaka kuharakisha hata Salamu Maria moja, kwa sababu mama alikuwa anasema mawe ukiyatoa mapema yanakudanganya. Wakati huo ndipo yule wa vichakani alipofika. Nyati, nadhani. Nyati peke yake, na nyati mzee akiwa peke yake huwa hana subira.

Nikaitoa simu. Ilikuwa ya moto kama yai. Nikabonyeza. Ikawaka. Asilimia tatu.

Nani mwenye simu isiyozima kamwe? Mkwe. Mwenye kitochi changu. Kuandika ujumbe haikuwa na maana, mkwe hasomi. Nikampigia, ikaita mara moja tu, akapokea, na mnajua alivyoanza.

"Mvua imenyesha huko?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpigie kelele. Lakini nikakumbuka yule mama wa lori na ndama wake. Nikajua: mzee huyu hatasikia neno langu mpaka habari ziishe, na habari haziishi kwa asilimia tatu. Kama haniruhusu kutoka kwenye habari, basi shida yangu niichomeke humo humo ndani ya habari.

"Mvua haijanyesha, mkwe. Ni ukungu. Umefunika mpaka ule mti uliopigwa radi, na mimi niko chini yake, korongoni."

"Eee. Ukungu ni mzuri kwa majani. Ng'ombe?"

"Ng'ombe nasikia kengele zao, huko chini maji yanakoelekea."

"Eee. Hawajambo?"

"Wao hawajambo, mguu wangu ndio..."

"Eee. Mbuzi?"

Ikazima kwenye mbuzi.

Niliishika ile simu nikaona uso wangu kwenye kioo cheusi, una unga wa uji. Kazi ya kioo ilikuwa bado inaifanya. Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Nikasema, basi, nitakufa mkwe wangu akisubiri habari za mbuzi.

Nyati akavunja kijiti kingine. Baba yangu alikuwa anasema mnyama akijua ulipo hashtuki, na asiposhtuka hakupigi. Sijui kama ni kweli, ila sikuwa na lingine. Nikaanza kuimba. Niliimba sauti ya pili ya ule wimbo wa Jumapili, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo kichwani siku nzima. Alto bila soprano ni wimbo usio na kichwa, anayesikiliza hajui unaelekea wapi. Niliimba mpaka mwisho nikarudia. Nikaimba tena. Sauti ikakauka, nikaimba na ukavu huo. Wa vichakani akaacha kuvunja vijiti. Labda alikuwa anasubiri kiitikio.

Kulikuwa bado kuna mwanga wakati niliposikia mluzi. Kisha mwingine. Kisha kichwa kimoja kikatokea juu ya ukingo, na shuka jekundu, na mkuki.

"Mama wa maharage! Ni wewe unayelia?"

"Silii. Naimba."

"Ooh. Sisi tumekimbia kwa sababu tulisikia mtu analia vibaya sana."

Walikuwa morani wanne. Wakateremka, wakafunga shuka kwenye fimbo mbili ndefu, wakanilaza. Mkwe wangu mwingine, mume wa binti, aliyezikuta habari akitoka malishoni, alikuwa nao pia, ila kwao mwanaume hamsogelei mama mkwe wake, sembuse kumbeba. Basi alitembea mbele kabisa, ametupa mgongo, na kila tukifika penye jiwe anapaza sauti kwa upepo: "Hapo kuna jiwe! Mwambieni mama ashikilie!" Mwambieni mama, na mama yuko pale pale anasikia. Nililia hapo, kwa mara ya kwanza, na haikuwa kwa mguu.

Bomani mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, blanketi mabegani, kitochi kifuani. Waliponishusha mbele yake hakuinuka haraka. Alinitazama kutoka kichwani, penye unga, mpaka mguuni. Akasema:

"Takwenya, mkwe."

"Iko."

"Tulikuwa tumefika kwenye mbuzi."

Mungu wangu. Nilimtazama yule mzee. Wanawake wametoka wote, binti yangu amesimama na tumbo lake ameshika mdomo, morani wanatweta.

"Mbuzi hawajambo," nikasema.

"Eee. Na mguu?"

"Mguu haujambo kidogo."

"Eee," akasema, ndipo akainuka, akaniwekea mkono kichwani, akasahau kuutoa mpaka unga ukamjaa vidoleni. Nikaelewa kwamba muda wote ule hakuwa ametulia hata kidogo.

Baadaye nikiwa na chai mkononi alinieleza. Simu ilipokata alisubiri. Akajiambia mtandao huo, atapiga. Sikupiga. Akawaambia vijana: mkwe wangu ni Mwiraqw lakini ana adabu, hajawahi kuondoka bila sere. Mtu mzima haondoki kwenye mbuzi. Mtu anayeondoka kwenye mbuzi ameshikwa na kitu. Kisha akarudia habari zangu zote kwa mdomo, kama wanavyozibeba wao bila kupoteza hata moja: ukungu, mti wa radi, korongo, kengele za ng'ombe upande wa maji. Na ng'ombe waliokuwa na kengele upande ule aliwajua ni wa boma gani. Vijana walikimbia moja kwa moja.

Kwa hiyo nisemeje? Asilimia tatu zangu alizila yeye, na ni yeye aliyezifanya zitoshe. Katika orodha yangu ya wahalifu nimemfuta.

Mguu ulifungwa plasta zahanati. Siku ya pili binti yangu alijifungua kwenye chumba cha pili, na mimi nilikuwepo, kwenye benchi, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Msichana. Alitoka na sauti nzito. Nikamwambia mkunga, huyo ni alto.

Sasa nirudi kwa fundi.

Nilipoanza kutembea na fimbo nilishuka Karatu na simu yangu, nikaenda kwa fundi mwingine, mwanamke, ana kibanda kidogo upande wa pili wa soko. Nikamwambia, dada, mimi simu imenishinda akili, inamaliza chaji, nifundishe kuitumia. Akaifungua mgongo mbele yangu. Akaichungulia. Akaigeuza niione.

"Mama, nani aliifungua hii?"

Ndani kulikuwa na betri ndogo, ya simu nyingine kabisa, inacheza kwenye nafasi yake kama mtoto kwenye kiatu cha baba. Pembeni imejaziwa kadibodi ya boksi la sabuni ili isigonge, na juu gundi.

"Hii siyo betri ya simu hii. Ya kwake imetolewa. Hata ungekuwa profesa chaji isingekaa."

Nilikaa chini kwenye kile kibanda. Wanaopita walidhani nimeambiwa msiba. Lakini ilikuwa faraja, faraja ya mtu aliyeteremshiwa gunia mgongoni. Sikuwa mjinga. Mwanga haukuwa mkubwa. Darasa la nne langu lilikuwa zima. Nilicheka mpaka yule dada akacheka, naye hajui tunacheka nini. Nikaomba nipewe ile kadibodi. Ninayo, iko ndani ya daftari hili ninaloandikia, kwa kalamu, maana kalamu haina asilimia.

Nyumbani tochi ya mawe mawili imerudi nyuma ya mlango. Saa imerudi ukutani. Nilinunua kitochi kingine, kile cha mkwe sikukidai, kiko mahali pake. Simu ya kupangusa ninayo ya kusikiliza kwaya, na katibu wetu nimemwambia mbele ya kikundi kwamba njiwa wake nimewasamehe, ila likiwepo tangazo anipigie, kama mkuu wa wilaya.

Wewe fundi wa karibu na stendi nilikufuata siku ile ile na kadibodi mkononi. Ukaitazama ukasema, "Mama, simu ni nyingi, mimi sikumbuki." Ukageukia mteja mwingine. Nikaondoka kwa sababu mguu ulikuwa unauma, siyo kwa sababu umenijibu.

Betri mpya sitaki, nimeshawekewa. Nataka jibu. Betri yangu iko kwenye simu ya nani? Uliitoa nilipokuwa nakunywa chai uliyonituma? Na siku uliponiambia mbele ya watu kwamba simu ina akili kuliko mimi, mkono wako ulikuwa unaijua ile kadibodi au hauijui?

Jumatano nakuja. Nitakaa kwenye kiti cha wateja, fimbo yangu mlangoni, na hutanituma chai. Tutaanza taratibu, kwa adabu. Nitakuuliza habari za mvua, utaniambia. Nitakuuliza ng'ombe hata kama huna, tutapita kwenye ndama, tutafika kwenye mbuzi. Tukimaliza mbuzi utafungua mdomo uniambie, wale vijana wote wa kibandani wakisikia. Na sere sitasema mpaka umejibu.